Kitabu cha hadithi za Ufilipino nilichoagiza mtandaoni, uzoefu wangu

Nina miaka minne hapa Doha, chumbani tunalala wanne, mimi wa Tanga na Wafilipino watatu, mmoja wa Iloilo, mmoja wa Laguna, mwingine wa Marawi kule Mindanao. Kila nikiuliza hadithi za kwao kila mtu ana zake na wanaanza kubishana, ndo nikaagiza kitabu cha ngano za Ufilipino, kinene, kava laini, kimeandikwa kwa Kiingereza.

Kilichonifanya nikipende ni kwamba kila hadithi wamesema ni ya kina nani. Vitabu vingine nilivyopitia wanaandika tu "hadithi ya Kifilipino" basi, utadhani visiwa zaidi ya 7,000 vina bibi mmoja anayesimulia. Hapa unaambiwa Lam-ang ni shujaa wa Wailokano kaskazini mwa Luzon, yule mtoto aliyezaliwa anaongea akajichagulia jina mwenyewe, na Bakunawa ni wa Wavisaya, joka la baharini lililomeza miezi sita ya angani kati ya saba na bado linautaka huu mmoja uliobaki. Dada wa Iloilo nilipomsomea hiyo aliinuka kitandani akachukua sufuria na mwiko akanionyesha bibi yake alivyokua akigonga usiku mwezi ukipatwa, ili joka liuteme. Sisi tunasema mwezi umepatwa, sikuwahi kujiuliza umepatwa na nani!

Ya kobe na kima ndo imenimaliza kabisa. Wameokota mgomba mtoni wakagawana, kima akachukua juu kwenye majani, kobe akabaki na chini kwenye mizizi, wa kima ukakauka wa kobe ukazaa, ila kobe hawezi kupanda, kima akapanda akala ndizi zote peke yake. Kobe akazungushia miiba chini ya mgomba. Kima alipomkamata akamwambia chagua, nikutwange kwenye kinu au nikutupe majini, kobe akalia weee nitwange tu, maji nayaogopa, basi akatupwa majini akaibuka anacheka. Nilihisi niko nyumbani kwa marehemu bibi namsikiliza anasimulia za sungura. Kitabu kinasema José Rizal, yule shujaa wao wa taifa, aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1889.

Kuna na kapre, jitu jeusi linalokaa juu ya miti mikubwa linavuta sigara, chini ya ukurasa wameeleza jina limepitia Kihispania, cafre, asili yake ni kafiri ya Kiarabu, neno lilelile tulilonalo sisi.

Sasa lililoniuma. Hudhud ya Waifugao, watu wa milimani kaskazini mwa Luzon, nyimbo zaidi ya 200 ambazo sanasana wanawake ndo huziongoza wakati wa kupanda mpunga, kuvuna na kwenye misiba, UNESCO waliitambua tangu 2001, imepewa kurasa mbili tu. Darangen, utenzi wa Wamaranao, kabila la kule Marawi, ina sehemu 17 na mistari 72,000, humu ni ukurasa mmoja na nusu. Dada wa Marawi alifungua akasoma, akageuza karatasi akitafuta inapoendelea, akakuta hadithi nyingine imeshaanza. Akaniuliza, "imeishia hapa?" Nilikosa jibu. Kama nafasi haitoshi bora wangechukua tukio moja wakalisimulia vizuri kuliko kubana yote namna ile.

Duka lenyewe siwezi kulisifia, kitabu kimechukua siku 19, kona imejikunja na gundi inaachia katikati, kurasa nne zimeshatoka nimezibana kwa klipu. Ukipata chenye jalada gumu ongeza hela uchukue hicho.

Ila kununua, nunueni. Changu saizi kiko kitanda cha pili, dada wa Marawi kila Ijumaa anampigia binti yake video anamtafsiria ya kobe na kima, na wakifika kwenye kinu mtoto anadakia kabla mama hajamaliza.