Darasa la doti za transfoma River Road: pesa yangu ilienda mahali pazuri

Kama wewe ni fundi na mchoro ukifika mahali pa transfoma unaangalia tu volti zinaingia ngapi zinatoka ngapi halafu unasonga mbele, hii darasa ya Jumamosi ya kusoma doti, zile nukta zinachorwa kando ya koili za transfoma, ni yako. Iko River Road, juu ya maduka ya spika na waya, unapanda ngazi mpaka floo ya mwisho, na anayefundisha ni mzee amestaafu, amesuka mota na transfoma huko Industrial Area miaka mingi. Ni 3,500, unakaa naye kutoka asubuhi mpaka jioni, chai iko ndani ya hiyo bei. Nimeona mafundi wakisema ati hiyo ni pesa mingi kwa darasa halina cheti. Mimi naona hawajajua kile kitu wananunua, wacha nieleze.

Asubuhi anaanza na alama zenyewe na hapo anaenda mbio kidogo, lakini ni sawa juu hiyo ndio sehemu rahisi. Koili mbili zinaangaliana, katikati kuna mistari miwili, hiyo ni transfoma ya koa ya chuma, koa ni kile kiini koili imesukwa juu yake. Mistari ikiwa ya kukatika katika ni feraiti, zile ndogo unapata ndani ya chaja na pawa saplai za kompyuta. Kukiwa hakuna mstari hakuna koa, ni hewa tu. Halafu kuna ile ya miduara miwili imepandana, hiyo utaiona kwa michoro ya Ulaya na kwa michoro ya laini moja ya stima kubwa, na mafundi wengi wa mtaani wakiiona wanadhani ni kitu ingine kabisa. Koili moja tu yenye waya imechomoka katikati ni ototransfoma, na hapa Mwalimu alisimama akakazia, kwamba kwa hiyo praimari (upande stima inaingilia) na sekondari (upande inatokea) zimeshikana, hakuna kutenganishwa na laini, kwa hivyo usiitumie mahali ulitaka usalama wa kutenganisha eti juu volti imeshuka. Kuna mafundi wawili waliandika hiyo haraka sana.

Sasa kazi yenyewe ni doti.

Watu wengi husema stima ya AC haina polariti, yaani chanya na hasi ya kudumu, inaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, sasa hiyo nukta ni ya nini. Jibu la Mwalimu ndio bora nimewahi kusikia kwa hii maneno. Alisema doti haikwambii huu mwisho ni chanya siku yote, inakwambia kwamba huu mwisho na ule mwingine wenye doti wanapanda pamoja na kushuka pamoja. Wakati ule mwisho wenye doti wa praimari uko juu, ule wa sekondari wenye doti pia uko juu, saa hiyo hiyo. Na mkondo ukiingia kwa doti upande wa praimari, upande wa sekondari unatoka kwa doti kwenda kwa mzigo. Hizo sentensi mbili tu, ametufanya tuziseme kwa sauti mpaka zikakaa.

Halafu akaleta transfoma haina alama hata moja, koili mbili za sekondari ni za volti 12 na 12, waya nne zinaning'inia, rangi zimeisha. Akashika mwisho wa koili ya kwanza akaunga na mwanzo wa ya pili, akapima zile mbili zilizobaki, mita ikasoma 24 na kitu. Akageuza koili moja tu, akapima tena, ikasoma karibu sufuri. Transfoma ni ile ile, volti ya ukuta ni ile ile, fyuzi iko sawa, na hakuna kitu inatoka. Akasema ni kama kusukuma matatu imezima, mmoja akiwa nyuma na mwingine mbele kila mtu anatoka jasho na gari haiendi. Kijana mmoja anayetengeneza amplifaya za kanisa Kayole akasema, "Mwalimu, kumbe ile niliambiwa transfoma imekufa haikuwa imekufa." Mzee akamjibu, "Kijana, nyingi mnatupa zikiwa hai."

Lakini kugeuza kwa sirizi, koili moja ikifuata nyingine kama hapo, ni nafuu, unakosa volti tu. Hatari iko kwa paraleli, koili zikiungwa sambamba ncha kwa ncha. Ukitaka hizo koili mbili za 12 zifanye kazi pamoja ndio upate ampia zaidi, doti lazima zikutane na doti, ukikosea umetengeneza duara ya volti 24 inazunguka ndani ya kopa yenyewe bila mzigo wowote, na hiyo inachoma vanishi inayokinga waya kabla hujafika kwa swichi. Kwa hivyo anafundisha hivi, na hii peke yake naona inarudisha ile 3,500: unga upande mmoja, upande wa pili usiunge bado, weka mita kati ya zile ncha mbili zimebaki. Ikisoma karibu sufuri, unga. Ikisoma 24, simama hapo hapo na ugeuze koili moja. Kila mtu alifanya hiyo kwa mikono yake akiangaliwa, hakuna aliyeruhusiwa kutazama tu.

Hapo akaingia kwa vitu vinavyotoka Marekani, na hapa Nairobi hii ni kitu ya kila siku, mtu ametumiwa amplifaya na ndugu yake kutoka huko, anaileta kwa fundi akisema igeuzwe itumie stima yetu. Huko ni 120 na hetsi 60, huku ni 240 na hetsi 50. Nyingine zina praimari mbili za 120 ndani, kwa hivyo unaziunga kwa sirizi na inaweza kushika 240. Mchoro unaonyesha doti mbili upande wa praimari. Ukiziunga vibaya, sumaku ya koili moja inaua ya nyingine, na sumaku ikiuawa hakuna kitu inazuia mkondo isipokuwa ukinzani mdogo wa kopa, fyuzi inaruka mara moja, na kama mtu alikuwa ameweka kipande cha waya mahali pa fyuzi basi ni moshi. Na hata ukiunga sawa, akatuambia tukague kama imeandikwa 50/60, juu ile ya 60 tu ikiletwa kwa 50 itapata joto kuliko ilivyotengenezewa.

Jaribio la betri ndilo lilinifurahisha zaidi. Betri moja ya tochi, 1.5, na mita ya mshale, ile ya zamani, kwa sababu ile ya dijito haiwahi kuonyesha vizuri. Mita inakaa kwa sekondari kwa renji ndogo kabisa ya DC. Unagusisha chanya ya betri kwa mwisho mmoja wa praimari kwa muda kidogo tu. Mshale ukiruka mbele, ule mwisho umeguswa na chanya ya betri na ule umeshikwa na waya nyekundu ya mita wote wawili wanapata doti. Ukiruka nyuma, geuza waya za mita ndio ujue. Ukitoa betri mshale unaruka upande ule mwingine, usichanganyikiwe, unasoma ile ya kugusisha peke yake. Na unashika kwa klipu zenye plastiki, juu ukiachanisha betri koili inarudisha volti inaweza kukupiga vidole. Akimaliza anachukua kyutex nyeupe anaweka doti kwa kila waya. Nimeipenda hiyo, haifutiki na mafuta haraka na mteja anaweza kuiona.

Kuna jaribio lingine la AC, unaunga ncha moja ya praimari na ile jirani yake ya sekondari, unaweka volti ndogo kwa praimari, unapima kati ya ncha zile mbili zingine. Yeye alitumia 24 kwa transfoma ya 240 kwa 24, ambayo sekondari yake hapo inatoa 2.4. Ukisoma 21.6 ni polariti ya kutoa, ncha ulizounga zinapanda pamoja, ukisoma 26.4 ni ya kujumlisha, zinapishana. Anasisitiza volti ndogo, hataki kuona mtu anafanya hivi na stima ya ukuta. Alieleza pia kwamba maandishi ya H1, H2 (volti kubwa), X1, X2 (volti ndogo) ni ya Kimarekani, na kwa ile ya kizamani ya Kiingereza herufi kubwa ni upande wa volti kubwa na herufi ndogo upande wa volti ndogo. Kuna dada pale anajiandaa kwa mtihani wa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwanda, alimuuliza maswali mazuri sana hapo na mzee hakuchoka hata kidogo, alimjibu "mami, uliza tena" mpaka akashika.

Sasa malalamiko. Notisi zake ni fotokopi ya fotokopi. Kwa somo lingine singesema kitu, lakini hapa tunasoma nukta! Kwa karatasi yangu ukurasa wa tatu kuna nukta tano kando ya koili na mbili tu ndio za kweli, zingine ni uchafu wa mashine. Mzee alizunguka na biro nyekundu akirekebisha karatasi ya kila mtu, na nashukuru, lakini hizo karatasi zichorwe upya, kuna vijana wengi wanaweza kumsaidia na kompyuta. Pia angeeleza mapema tofauti ya nukta ya polariti na nukta ya kuungana kwa waya. Ile ya kuungana inakaa juu ya waya zinapokutana, ile ya polariti inakaa kando ya mwisho wa koili bila kugusa kitu. Aliitaja mchana mtu alipouliza, na najua wawili walikuwa wameshachora vibaya.

Mambo ya fezi tatu yalikimbizwa. Dyn11, maandishi ya jinsi koili za transfoma ya fezi tatu zimeungwa, aliieleza akionyesha saa ya ukutani, delta upande wa volti kubwa, nyota upande wa ndogo, nyutro imetolewa nje, na 11 maana yake upande mdogo umetangulia kwa digrii 30 kama mkono wa saa ukiwa kwa kumi na moja. Ilieleweka, lakini ile ya kwa nini huwezi kuunga paraleli transfoma mbili zenye namba tofauti za saa ilihitaji lisaa lizima na tulipewa dakika chache. Kwa CT, ile transfoma ya kupimia mkondo wa waya kubwa, alijikaza zaidi. Upande wenye alama P1 uangalie stima inakotoka, wenye P2 uangalie mzigo, na kwa paneli ya fezi tatu ukigeuza moja kati ya tatu na mzigo uko sawa kila fezi, mita ya stima inasoma thuluthi moja ya kitu inafaa, mbili zinajumlisha na moja inatoa. Mteja hataona tofauti kwa macho, taa zinawaka, mota zinazunguka. Na usiache sekondari ya CT wazi wakati waya kubwa ina mkondo, volti inapanda mpaka inaweza kuua. Hiyo aliirudia mara nyingi na alifanya vizuri.

Kuhusu cheti, mwenyewe anasema wazi mwanzoni: hii haiko badala ya NITA wala leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, usiende kuonyesha mtu risiti yake ukisema umehitimu. Mimi naheshimu hiyo.

Nampa nne kwa tano, na nitarudi akiweka siku ya fezi tatu peke yake, amesema anafikiria. Chumba ni kidogo na spika za maduka ya chini zinapigwa kuanzia saa nne, kwa hivyo fika mapema ukae mbele. Beba mita yako, ya mshale kama unayo, na kalamu ya rangi. Na kama kuna transfoma imekulalia nyumbani haina alama, ibebe pia, mchana anawaacha mpime za kwenu wenyewe mradi iwe ndogo ya kubebeka na isiwe imeungwa kwa kitu.