Sahani ya mtetemo ya Kariakoo: inafaa kwa goti lililofanyiwa upasuaji wa ACL?

Sahani hizi, yaani majukwaa ya umeme yanayotetemeka ukisimama juu yake, zinazopangwa mbele ya maduka ya vifaa vya mazoezi Kariakoo, huuzwa kwa ahadi ya kukata tumbo. Hapa tunaipima kwa kazi nyingine: kuamsha msuli wa mbele wa paja baada ya upasuaji wa ACL, ligamenti inayoshikilia mifupa ya goti. Inafaa, ila usifuate maelekezo ya kwenye boksi.

Uvimbe ndani ya goti hufanya mfumo wa fahamu uzuie amri zinazokwenda kwenye msuli huo, hivyo paja linasinyaa hata kwa mgonjwa mwenye bidii. Mtetemo huchokoza vipokezi vilivyomo msulini vinavyohisi msuli ukivutwa, na msuli hujikaza vizuri zaidi, lakini kwa muda mfupi. Kwa hiyo ukishuka tu, ingia kwenye mazoezi ya nguvu. Anayesimama juu yake kisha akaenda kukaa amepoteza umeme wa Luku bure.

Kasoro kubwa ni skrini. Inaonyesha 1 hadi 99, na muuzaji atakwambia ni Hz, yaani masafa: idadi ya mitetemo kwa sekunde. Hapana, ni hatua za kasi. Laza simu juu ya sahani, fungua programu ya bure ya phyphox, usome masafa halisi. Tafiti nyingi za tiba hii hutumia 20 hadi 50 Hz. Sahani nyingi za bei nafuu haziwezi kufika huko. Pia hizi hubembea kama ubao wa pembea, upande mmoja ukipanda mwingine unashuka, kwa hiyo kadiri unavyotanua miguu ndivyo goti linavyopigwa zaidi. Anza na nyayo karibu na katikati.

Kunja magoti kati ya nyuzi 30 na 60. Ukiyanyoosha, mtetemo unapanda hadi kichwani na meno yanagongana. Sekunde 30, pumzika dakika 1, rudia mara 5; ongeza taratibu hadi sekunde 60. Vaa raba zenye soli nyembamba, maana soli nene hula mtetemo. Weka kioo mbele: karibu kila mgonjwa huegemea mguu usiopasuliwa bila kujua, na hapo paja linalohitaji kazi halipati chochote.

Usipande kabla goti halijanyooka kabisa, kidonda hakijakauka, na hujaweza kuinua mguu ulionyooka bila goti kulegea. Meniskasi (gegedu la ndani ya goti) ikiwa imeshonwa, muulize daktari aliyekupasua unaruhusiwa kukunja nyuzi ngapi. Mjamzito, mwenye betri ya moyo, mwenye mawe kwenye figo, au mwenye shavu la mguu lililovimba na kuuma asiguse kabisa. Shavu la mguu la namna hiyo huenda lina damu iliyoganda, mgonjwa akimbizwe hospitali siku hiyohiyo. Goti likivimba kesho yake, punguza muda.

Sahani isiyo na mshikio iweke kando ya meza nzito. Kwenye marumaru yenye vumbi vikombe vya mpira vilivyo chini yake havishiki, sahani inatembea. Futa sakafu kwa kitambaa chenye maji kwanza. Umeme ukishuka jioni, mota inaweza kupunguza kasi ilhali skrini inaonyesha namba ileile.

Dukani usikubali kuonyeshwa ikizunguka tupu. Panda, kunja magoti, simu ikiwa juu ya sahani. Masafa yakianguka sana kwa uzito wako, mota ni dhaifu, iache.