TAHADHARI: Vichwa vya risasi vya 6.5 mm "vya mashindano" kwa bei ya kutupa

Wakuu, hasa mliopo huku Marekani mnaolenga shabaha za mbali na kujijazia risasi wenyewe: kuna jamaa anauza mtandaoni vichwa (ile ncha inayoruka kutoka kwenye risasi) vya unene wa 6.5 mm, uzito wa greni 140 (kama gramu 9), vichwa 500 kwa dola 150. Msinunue. Mimi nimeshaliwa.

Bei ilinitia tamaa, nakiri. Boksi kwenye picha ni la kiwanda kinachojulikana, BC (namba ya jinsi kichwa kinavyoshinda ukinzani wa hewa) ananitajia 0.62, nikamtumia hela kwa ile njia ya kumtumia rafiki, ambayo ukishabonyeza huna pa kulalamikia.

Yadi 100 sikuona kitu. Matundu matano yamekaa pamoja, nikajipongeza. Hapo ndipo anapowapatia watu, maana kwa umbali huo hewa haijapata muda wa kumuumbua. Yadi 1000 ikawa habari nyingine. Upepo umelala, kulia na kushoto niko sawa, lakini juu na chini matundu yameachana zaidi ya nusu mita. Duara la alama 10 kwenye shabaha yangu lina inchi 10 tu! Nikailaumu baruti, nikalaumu mpaka bega langu.

Nyumbani nikavimwaga mezani. Kwenye mizani chepesi kilisoma greni 138.2, kizito 141.5. Baadhi vina pete ya mchubuko kiunoni, alama ya koleo: vimeng'olewa kwenye risasi zilizokwisha fungwa. Kibaya zaidi ni umbo. Vingi kitako chake kimepunguzwa kama tezi ya jahazi, ila 90 na kitu vina kitako bapa na ncha butu, vya kuwindia hivyo.

Kitako bapa huburuta nyuma yake mvurugiko mkubwa wa hewa, nao hukivuta kichwa kipunguze mwendo. Tezi iliyobanwa huupunguza, na ncha ndefu hupasua hewa kwa urahisi. BC inapima hayo, pamoja na uzito kwa unene wa kichwa. Ikipungua kwa asilimia 10, hata mwendo wa kutoka mtutuni ukiwa uleule, kwenye yadi 1000 kichwa hushuka karibu nusu mita zaidi. Ukichanganyiwa aina mbili boksi moja, darubini ya bunduki iwe ya bei gani, utazungusha kliki zake za kurekebisha shabaha mpaka jioni.

Halafu hiyo 0.62. BC hupimwa kwa kulinganisha na kichwa cha mfano, na mifano inayotumika ni G1 na G7. Nilimuuliza ni ya G1 au G7, akajibu G7, "ndiyo bora zaidi." Ningekimbia palepale. G1 hulinganisha na kichwa kifupi cha kitako bapa, cha enzi za karne ya 19. G7 hulinganisha na kirefu chenye tezi, kwa hiyo namba yake huwa karibu nusu ya G1. Greni 140 za 6.5 mm hucheza kwenye 0.3 hivi kwa G7. Mwenye kukuambia 0.62 ya G7 ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Kwa yeyote anayeuza, dai namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi, na picha ya vichwa kama ishirini vimelazwa, vitako vikionekana. Huyu nilipomdai akanipiga bloku.

Jana nimekuta tangazo lenye jina jingine, picha imepigwa juu ya kitambaa kilekile cha meza chenye mistari ya kijani. Safari hii anauza vichwa vya .308, unene mwingine.