Hisense ya mtumba inchi 43 niliyonunua Mwanga, Kigoma: bei, nilivyoipima, na kasoro zake

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nimelipa 380,000 kwa Hisense inchi 43 ya mtumba, kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Mwanga. Muuzaji alianzia 450,000. Mpya ya ukubwa huo, jina hilohilo, kila nilipouliza hapa mjini hawakushuka chini ya 650,000.

Kwa hela hiyohiyo dukani kulikuwa na mpya, bado iko kwenye boksi, ya jina ambalo sijawahi kuliona popote. Nikaomba ifunguliwe, nikatoa futi kamba. TV hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, kioo peke yake bila fremu, na inchi 43 ni kama sentimita 109. Ile ilikuwa na 100, yaani hata 40 haijafika. “Mama, kiwandani wanahesabu na fremu,” kijana akaniambia, na uso mkavu kabisa. Boksi limeandikwa 4K, yaani picha yenye nukta nyingi sana, kwa herufi kubwa, lakini ukisoma karatasi ya ndani unakuta inapokea tu picha ya 4K. Kioo chenyewe ni 1366 kwa 768, nukta zilezile za TV ndogo ya inchi 32 zimetandazwa kwenye kioo kikubwa. Mpira ukiwa mbali, namba mgongoni kwa mchezaji huisomi. Hii Hisense ni 1920 kwa 1080, karibu mara mbili ya nukta hizo. Kwangu mimi mjadala wa mpya na mtumba uliishia hapo.

Sasa kuipima, na hapa msiwe na haraka hata muuzaji akinuna. Shemeji yangu ni fundi, alinipa flashi yenye picha za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Nyeupe inaumbua vivuli na nukta zilizokufa. Nyeusi inaumbua mwanga unaovuja pembeni. TV ya kwanza waliyoniwashia ilikuwa na kivuli kona ya chini, kama doa la chai. Ukiweka taarabu au mpira hulioni, ukiweka nyeupe tu hilo hapo. Nyuma ya kioo kuna mistari ya taa ndogo zilizounganishwa kwa mfuatano, na ikikatika moja mstari mzima unaweza kuzima ukabaki unasikiliza TV kama redio. Taa fundi anabadilisha. Kioo chenyewe kikiharibika, sahau. Bei yake inakaribia TV nyingine.

Ya pili ilikuwa safi. Nikawaambia waiache inawaka, nikaenda zangu sokoni kununua dagaa, kwa sababu kuna ugonjwa ambao hauonekani mpaka TV ipate moto. Niliporudi nikachomeka king'amuzi kwenye kila tundu la HDMI, moja baada ya jingine. Nikasoma na kibandiko cha nyuma: 100 hadi 240V. Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, hiyo namba ni muhimu kuliko mengi wanayoyasifia. Hata hivyo friji gadi, kile kifaa cha kukata umeme ukizidi au ukipungua, nimeweka.

Kuna watakaoniambia Kariakoo ningepata kwa bei chini zaidi. Labda. Jirani yangu aliagiza huko, ikasafirishwa imelazwa kwenye buti la basi, ikafika kioo kimepasuka. Mwenye duka akamtupia mwenye basi, mwenye basi akamtupia mwenye duka. TV inasafiri imesimama, jamani.

Kasoro za hii yangu zipo. Sauti ni nyembamba, spika zinaangalia chini, kwa hiyo nimeiunganisha na sabufa ya zamani. Rimoti si yake, ni ya kufanana, na kitufe kimoja hakifanyi kazi. Miguu imeachana sana, meza yangu ya zamani haikutosha, ikabidi niitundike ukutani kwa breketi. Na ile smart yake ni ya kizamani, YouTube inafunguka kwa kujivuta. Mimi haininyimi usingizi, naangalia ligi kwenye Azam, na bando la kuchezea YouTube kwenye kioo kikubwa sina. Kama nyumbani kwako watoto wanaishi YouTube, nunua mpya.

Warantii ni ya mwezi mmoja, na nililazimisha waandike namba ya TV kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siyo kikaratasi cha mkono. Mwezi umepita, inawaka vizuri, AFCON 2027 itatukuta tumekaa tayari.

Ile yenye kivuli nimeiona wiki hii bado imetundikwa pale dukani, inacheza mechi ya zamani, sasa wanaiita 320,000. Nendeni na flashi yenu.