Okestra kamili ikipiga nyimbo ninazozijua kwa moyo: uzoefu wangu

Nilikwenda na mashaka yangu. Tangazo lilisema wanamuziki zaidi ya 60 watapiga nyimbo za zamani zinazojulikana na kila mtu, bila mwimbaji hata mmoja. Wimbo niliousikia redioni miaka nenda rudi utaniambia nini tena?

Mashaka yalianza kuyeyuka hata kabla ya wimbo wa kwanza. Taa zilipofifia, mpiga obo, chombo chembamba cha kupuliza, alitoa nota moja ndefu, ile iitwayo A, ya mitetemo kama 440 kwa sekunde, na vyombo vingine vyote vikaanza kuitafuta mpaka vikatua juu yake pamoja. Kisha zikaingia besi kubwa, zile zinazofanana na fidla lakini ndefu kuliko mtu. Nota yao ya chini kabisa ni mitetemo 41 hivi kwa sekunde, kitu ambacho spika ya simu haina ubavu wa kukitoa. Mimi niliihisi kwenye mbao za kiti kabla sikio halijaitambua.

Wimbo wa nne ndio ulionimaliza. Ni wimbo ambao baba yangu alikuwa akiupiga mluzi kila asubuhi akinyoa ndevu, mlango wa bafu ukiwa wazi. Siku hizi hapigi tena mluzi, meno ya mbele yamekwenda. Okestra nzima ilinyamaza, selo moja, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, ikauanza peke yake, taratibu, kwa sauti ya kama mtu anayejiimbia. Nilikuwa karibu kiasi cha kuuona upinde ukitetemeka kidogo unapogeuka, na kumsikia mpigaji akivuta pumzi. Midomo yangu ikaanza kuyatamka maneno yenyewe. Mama mmoja kando yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Kwa kuwa hakuna aliyeimba, kila mmoja wetu aliuimba kimoyomoyo.

Halafu, kabla tu ya kiitikio, kiongozi wa okestra aliushikilia mkono hewani. Sote tulijua kinachofuata. Fidla zote zilipoingia kwa mkupuo mmoja, nywele zilinisimama na machozi yakanitoka, wala sikuyafuta.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, wakiwemo Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, walionyesha kwamba tunaposikiliza muziki tunaoupenda, ubongo huachilia dopamini, kemikali inayohusika na hisia za raha, wakati wa kusubiri kilele, na tena kilele chenyewe kinapofika. Basi ule mkono uliobaki hewani ulikuwa ukifanya kazi hiyo hasa. Mtu asiyeujua wimbo asingekuwa na cha kusubiri.

Wapo wanaosema okestra kupiga nyimbo za mtaani ni kujishusha. Sikubaliani nao hata kidogo. Okestra ya Boston Pops ya Marekani imekuwa ikipiga muziki mwepesi tangu 1885, na wapigaji wake wengi wanatoka katika okestra ile ile ya jiji inayopiga muziki wa klasiki wa Beethoven.

Kasoro ilikuwapo, na iliniuma. Baada ya mapumziko waliongeza ngoma zenye vipaza sauti, na filimbi na fidla zikamezwa. Nilikuwa naona pinde zikienda mbio lakini sisikii kitu. Nyimbo mbili nzuri zilipotea hivyo. Chombo kisichohitaji umeme kiachwe kisikike chenyewe, au basi vyote viwekewe vipaza sauti kwa uwiano. Kwa hilo natoa nyota nne kati ya tano.

Ukienda, tafuta kiti cha katikati, nyuma kidogo ya mistari ya mbele. Ukiwa mbele kabisa utasikia fidla za upande wako tu. Chini ya roshani usikae, sauti inafika pale imechoka.

Nimeshakata tiketi za onyesho lijalo. Viti viwili, mstari wa kumi na mbili, kimoja cha pembeni ili baba aweze kunyoosha goti.