Titi au kopo, kwa mama anayeishi na VVU

Wengi huku kandokando ya Ziwa Victoria, Igombe mpaka Ukerewe, hudhani mama mwenye VVU lazima anunue maziwa ya kopo. Ni kweli, kopo halina kirusi hata kimoja. Ila linataka maji yaliyochemshwa kila mlo, hata usiku wa manane, na maji yenyewe ni ya ziwani, ndoo iko pembeni ya dagaa walioanikwa. Mkaa ukiisha au kopo likikaribia kwisha, mama anazimua. Kuhara hakukawii.

Titi nalo lina hatari yake. Bila dawa, maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, tangu mimba hadi kunyonyesha, hufika asilimia 15 hadi 45; mama akimeza ARV (dawa za kufubaza VVU) kila siku, hushuka chini ya 5. Mimi nachagua titi: miezi 6 bila maji wala uji, mtoto akipewa nevirapini, dawa ya kumkinga, na kupimwa VVU kwa tone la damu ya kisigino. Kuchanganya titi na vyakula vingine mapema ndiko kubaya zaidi (hapo bibi mwenye kijiko cha uji ndiye wa kubembelezwa). Kopo liwe la mwenye maji salama, gesi na fedha ya uhakika.