Fangasi ukutani: Moshi na Arusha, ununue nini kwanza

Masika yakiisha Mei na mawingu ya Juni yakaufunika mlima, nyumba nyingi za Moshi huanza kunuka uvundo. Nyuma ya kabati yanatokea madoa meusi, viatu vya ngozi vinaota unga wa kijani, mtoto mwenye pumu anakohoa usiku kucha. Watu hukimbilia duka la rangi. Mimi rangi naiweka mwisho kabisa.

Kabla hujatoa hela, hakikisha ni fangasi kweli. Unga mweupe chini ya ukuta mara nyingi ni chumvi inayosukumwa nje na maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Nyunyizia maji: chumvi huyeyuka, fangasi haiyeyuki.

Nafasi ya kwanza: gata. Fangasi hufuata maji, kwa hiyo anza na maji. Paa lisilo na gata huangusha mvua yote pembeni mwa msingi, matone yanarukia ukuta, na ukuta unakunywa hadi Julai. Kama hela ni ya upande mmoja tu, funga ule unaopigwa na mvua. Gata za plastiki hazishiki kutu. Msimamie fundi aweke mteremko kuelekea kwenye bomba la kushushia, la sivyo maji yatatuama humo humo, na bomba lenyewe limwage mbali na nyumba. Mpangaji, hili lizungumze na mwenye nyumba kabla hujalipa kodi ya miezi sita. Ukishalipa, kauli yako inapungua nguvu.

Ya pili: vifaa vya kusafishia. Glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho, brashi ngumu, sabuni ya unga, na barakoa ya N95. Barakoa ya kitambaa haizuii mbegu za kuvu. Kwenye vigae na ukuta wenye rangi, sabuni na maji vinatosha. Fungua madirisha, lowanisha doa kwanza ndipo usugue, kwa sababu ukisugua pakavu unazitawanya mbegu chumba kizima. Kisha pakaushe vizuri siku hiyo hiyo. Doa likizidi kama mita moja ya mraba, tafuta mtu mwenye vifaa na uzoefu. Mwenye pumu asiiguse kazi hii hata kidogo. Silingi bodi iliyolowa ikaota fangasi haisafishiki, na godoro vilevile: vitoe nje.

Ya tatu: dawa ya klorini, kama Jik. Kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, kisizidi. Inafaa bafuni kwenye vigae; kwenye plasta tupu na mbao haizami ndani, kwa hiyo doa hurudi. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi, wala kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja kidogo tu juu.

Ya nne: mifuko ya kunyonya unyevu. Inasaidia ndani ya kabati lililofungwa. Chumbani ni hela ya bure. Maji yanayokusanyika humo huwasha ngozi, yaweke mbali na watoto. Naftalini haiui fangasi, inafunika harufu tu, na mtoto akiimeza ni sumu.

Mashine ya kukausha hewa naiacha chini ya hizo. Inakula umeme, na nyumba yenye madirisha ya vioo vya kupishana huingiza unyevu mpya kila dakika. Kipima unyevu kidogo kina faida zaidi: kikikaa juu ya asilimia 60 siku nzima, sogeza kabati mbali na ukuta na acha kuanika nguo ndani.

Mwisho: rangi ya kuzuia fangasi. Ni nzuri juu ya ukuta uliosafishwa na kukauka. Yetu tuliipaka Machi juu ya ukuta wenye unyevu, kufikia Julai ikavimba na kubanduka na madoa yakiwa chini yake.

Kuna kimoja usinunue kabisa kwa kazi hii: gunia la mkaa la kukaushia chumba. Jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Baridi ya Julai ikizidi, ongeza blanketi, jiko libaki nje.